Kwenda Unguja na Pemba kwa Bahari: Mtoto Mchanga Naye ni Abiria

Shukrani zote zamstahikia Mwenyezi Mungu, Aliyeitiisha bahari ili vyombo vipite juu yake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, s.a.w., pamoja na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo: kila ikaribiapo likizo ya shule, au Idi mojawapo, jamaa nyingi za Dar es Salaam hutia nia ya kuvuka kwenda Unguja na Pemba. Wengine huenda kuwazuru wazee wao, na wengine huenda kutembea na kupumzika. Lakini wenye watoto wachanga aghalabu hurudi nyuma. Husema, "Na tungoje wakue." Basi mtoto wa kwanza akianza kukua huja wa pili, na wa pili akianza kutambaa huja wa tatu, na bibi yao aliyeko ng'ambo huzidi kuzeeka pasina kuwaona wajukuu wake. Kuunga udugu ni wajibu mkubwa katika dini yetu, na wajibu haufutwi kwa sababu baina yako na nduguyo kuna maji.

Wala tusidhani kuwa kusafiri baharini na watoto ni jambo geni katika Uislamu. Waislamu wa mwanzo waliohamia Habasha walivuka Bahari ya Sham, wake kwa waume. Bibi Asma binti Umays na mumewe Jaafar bin Abi Talib walizaa watoto wao huko ugenini, kisha wakarudi nao kwa chombo, wakafika Madina mwaka wa 7 wa Hijra, katika siku za Khaybar. Mtume, s.a.w., akawapa watu wa chombo kile bishara ya kuwa wao wana hijra mbili. Na Bibi Umm Haram binti Milhan alitamani kuwa miongoni mwa watakaosafiri baharini katika njia ya Mwenyezi Mungu, akaombewa na Mtume, s.a.w., na kaburi lake mpaka leo liko katika kisiwa cha Cyprus. Hawa wote hawakuiogopa bahari hata wakaiacha, wala hawakuidharau hata wakaingia ovyo.

Na hapo ndipo penye shabaha ya maneno yetu. Wako watu wakiambiwa wajiandae hujibu, "Tutawakali tu." Maneno haya ni mazuri yakiwa mahali pake. Lakini kila mmoja wetu ameisikia habari ya bedui aliyemwuliza Mtume, s.a.w., kama amwache ngamia wake bila kumfunga na amtegemee Mungu, naye akaamrishwa amfunge kwanza ndipo ategemee. Ikiwa ngamia afungwa, itakuwaje mtoto wa miezi tisa, ambaye hawezi kukimbia, wala kuogelea, wala kuita? Mtu mzima akizembea hujidhulumu nafsi yake. Mzazi akizembea humdhulumu mwenye amana, naye ni Mola wake aliyemkabidhi mtoto yule.

Sisi tulivuka mwezi wa Novemba, baba na mama, na binti wa miaka mitatu, na mvulana wa miezi tisa ambaye hajapata kuiona bahari ila kwa mbali. Nia yetu ilikuwa kufika Wete, kwa bibi yao mzaa baba. Twayaeleza hapa yale yaliyotufaa, huenda yakamfaa na mwingine.

La kwanza ni kuchagua wakati. Wazee wetu wa mwambao waliijua bahari kwa pepo zake. Upepo wa kusi huvuma tangu mwezi wa Aprili au Mei hadi Septemba, nao ndio wenye nguvu zaidi, na katika miezi ya Juni, Julai na Agosti bahari huchafuka sana. Kaskazi hushika tangu Desemba hadi Machi. Baina ya pepo mbili hizo upo wakati wa utulivu, nao ndio waliouita maleleji au tangambili: karibu ya Oktoba na Novemba, na tena mwishoni mwa kaskazi. Mwenye watoto wachanga, tena ikiwa ni safari yao ya kwanza, na achague siku hizo. Na hata akizichagua, asiache kutazama habari za hali ya hewa zitolewazo na serikali. Ikitangazwa dhoruba, asione haya kuahirisha. Fedha ya tikiti yaweza kurudi, au isirudi. Mtoto hana badala.

La pili ni kuigawa safari. Kutoka Dar es Salaam hadi Unguja ni yapata kilomita 73, na boti za mwendo wa kasi huzimaliza kwa muda wa saa mbili hivi. Kutoka Unguja hadi bandari ya Mkoani, Pemba, ni yapata kilomita 100. Mtu mzima aweza kuunganisha siku moja. Sisi tulilala Unguja siku mbili katikati, watoto wakapumzika, na matumbo yao yakatulia. Kadhalika tulichagua boti ya asubuhi, iondokayo baada ya sala ya Alfajiri na kufika kabla ya Adhuhuri, ili isitupite sala tukiwa tumeshika watoto wanaolia. Kuhusu kupunguza sala na kuzikusanya, safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Pemba yapita masafa wanayoyataja wanavyuoni. Lakini kwa masharti yake kila mtu na amwulize sheikh wake kabla ya kuondoka, si akiwa gatini.

La tatu, nalo ndilo kubwa kuliko yote, ni kuhesabiwa. Tulipokwenda kukata tikiti tulitaja majina manne. Karani aliandika matatu, akasema kwa upole, "Huyu wa mkononi hana haja ya kuandikwa, maana hakalii kiti." Hakuwa na nia mbaya, alitaka kutupunguzia taabu. Tulimwomba aandike. Akasema tena kuwa hakuna malipo yake. Tukamwambia, "Bwana, hatuulizi malipo. Twataka jina lake liwemo katika orodha ya watu waliomo chomboni." Nyuma yetu watu walianza kuguna, maana jua lilikuwa kali na mstari mrefu. Hatimaye akaandika: jina la mtoto, la baba yake, na umri wake wa miezi tisa. Ilichukua muda usiozidi dakika moja.

Msomaji aweza kuuliza, kuna faida gani katika hati hiyo? Na akumbuke usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011. Meli ya Spice Islander iliondoka Unguja kwenda Pemba, watu wakirudi makwao baada ya Idi, nayo ikapinduka katika mkondo wa Nungwi. Kibali chake kilikuwa cha watu mia sita na ushee. Waliookolewa peke yao walizidi 600, maiti zaidi ya 200 zikaopolewa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Tume iliyoundwa baadaye ilionyesha kuwa waliopanda walizidi 2,000. Kwa nini hesabu hiyo ilikuwa na shida hata ikabishaniwa? Kwa kuwa wengi walipanda pasina kuandikwa, na miongoni mwa wasioandikwa walikuwamo watoto waliobebwa mikononi. Kabla ya kutimia mwaka, tarehe 18 Julai 2012, boti ya Skagit iliyotoka Dar es Salaam ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe, bahari ikiwa imechafuka kwa kusi. Mwenyezi Mungu awarehemu wote, na awape subira jamaa zao.

Baada ya meli ya Titanic kuzama mwaka 1912, mataifa yalikutana London, na mwaka 1914 yakatia sahihi mkataba wa kwanza wa usalama wa roho za watu baharini. Mkataba wa namna hiyo uliopo leo, kwa meli za safari za baina ya nchi, wataka abiria wote wahesabiwe kabla ya chombo kung'oa nanga, na katika safari iliyo ndefu watenganishwe wakubwa, watoto na wachanga. Wataka pia ziwepo jaketi za kujiokolea za kipimo cha watoto na za kipimo cha wachanga. Safari zetu za Unguja na Pemba ni za ndani ya nchi, lakini kipimo hicho chafaa kuwa kipimo cha kila mzazi. Na aulize kabla ya kulipa: je, jaketi za watoto zipo? Ziko wapi? Jaketi la mtu mzima halimfai mtoto; akiingia majini humponyoka kupitia kichwani. Lifaalo ni lile la uzito wake, lenye ukanda upitao baina ya miguu.

Na tukikiona chombo kimejaa kupita kiasi, tusipande, wala tusinyamaze. Mtume, s.a.w., alipiga mfano wa watu waliopanda chombo kimoja, wengine juu na wengine chini, na wa chini wakataka kutoboa tundu katika fungu lao ili wapate maji kwa karibu. Akabainisha kuwa wa juu wakiwaacha, wote huangamia, na wakiwazuia, wote huokoka. Mzazi aulizaye habari ya jaketi huonekana mtu wa maneno mengi. Na aonekane hivyo. Yeye aziba tundu kwa niaba ya wote.

La nne ni matayarisho ya mwili na ya mfuko. Watu husumbuka bure wakihofu kuwa mtoto mchanga atatapika njia nzima. Madaktari wafahamisha kuwa mtoto wa chini ya miaka 2 ni nadra kuchafukwa na roho kwa mwendo wa chombo. Wanaosumbuka zaidi ni wale wa umri wa shule. Kwa hiyo msimpe mchanga dawa ya kumlevya usingizi. Iko dawa iitwayo promethazini, ambayo baadhi ya wazazi huitumia kumtuliza mtoto safarini, nayo haifai kabisa kwa aliye chini ya miaka 2, kwa sababu yaweza kumzuia pumzi. Kwa mkubwa kidogo, dawa njema ni chakula chepesi saa moja kabla ya kuondoka, kama mkate mkavu au ndizi mbivu, na kukaa sehemu ya chini, katikati ya chombo, ambako mrusho ni mdogo, na kuambiwa atazame mbali, pale bahari inapokutana na mbingu. Mama anyonyeshaye na anyonyeshe kama desturi, ajifunike kanga, asione haya; na yeye mwenyewe anywe maji ya kutosha.

Katika mfuko mmoja ulio karibu, usiowekwa pamoja na mizigo, tulitia: nepi za siku mbili, nguo za kubadili za watoto na ya juu ya mama, kanga tatu, maji safi, pakiti za chumvichumvi za kuharisha, kofia, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na vitambulisho vyetu. Kanga moja tuliiweka mbali na nyingine, isiguswe na uchafu, kwa ajili ya kusalia. Mtume, s.a.w., alisali hali amembeba Umama, mjukuu wake, basi mtoto si udhuru wa kuacha sala. Lakini kabla ya kumbeba katika sala ni lazima nepi yake iwe safi.

Tena tukagawana kazi. Baba ni wa binti, mama ni wa mvulana. Tuliagana hivyo kabla ya kufika gatini, kwa kuwa watoto wengi hupotea pale ambapo kila mkubwa adhani mwenzake ndiye aliyemshika. Mbeleko ilitumika gatini katika msongamano. Tulipokwisha kaa tuliifungua, mtoto akapakatwa kwa mbele, ili ikihitajiwa kumvika jaketi asiwe amefungwa mgongoni.

Chombo kilipong'oa nanga tulisoma dua ya kupanda kipando, na dua ya Nabii Nuhu, a.s., iliyomo katika Sura Hud, na binti yetu akaitikia "Amin" kwa sauti kubwa hata watu wakacheka. Alipouliza kibla kiko wapi, tulimwonyesha omo ya chombo. Maka iko kaskazini yetu karibu sawasawa, na Unguja pia iko kaskazini ya Dar es Salaam, basi mwenye kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja huenda ameelekea kibla, na mwenye kurudi hukiacha teziní mwake. Jambo hili dogo lilimfurahisha mtoto kuliko vitu vyote tulivyomnunulia.

Tulipopita karibu ya Chumbe tuliuona mnara wake wa taa uliojengwa mwaka 1904, tukawaombea dua waliozama maji yale. Kisha Mji Mkongwe ukachomoza, mweupe juu ya maji. Beit el Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, ilianguka kwa sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na mwenye kuikumbuka zamani hupatwa na huzuni aitazamapo. Karibu na bandari uko msikiti wa Malindi wenye mnara wa umbo la pia, ulio wa kale kuliko majumba mengi yanayouzunguka. Hapo ndipo tuliposali Adhuhuri yetu.

Mwenye siku za kutosha na awachukue watoto Kizimkazi Dimbani, kusini ya kisiwa, kuuona msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Na kama atawapeleka pwani ya mashariki, Paje au Jambiani, na aifahamu tabia ya maji. Siku za bamvua, ambazo huja mwanzoni na katikati ya mwezi wa Kiislamu, maji hupanda na kushuka yapata mita 4. Yakipwa hurudi nyuma mamia ya mita, na wanawake hutembea humo kuhudumia mashamba yao ya mwani. Hucheza mtoto katika vidimbwi kwa raha, lakini yakianza kujaa huja kwa mwendo usiotangazwa. Mkono wa mzazi usiachane na mkono wa mtoto, na wote wavae viatu kwa ajili ya fuu na miamba. Kalenda ya Kiislamu iliyo ukutani mwenu itawapa habari za maji hayo kabla hamjatoka nyumbani.

Safari ya Pemba ina heshima yake. Unguja imekaa katika maji ya kina kidogo, lakini Pemba imezungukwa na maji ya kina kirefu, na ukipita Nungwi wauhisi mkondo ukikishika chombo. Hapo abiria wengi hunyamaza. Wazee waliokuwa karibu nasi walianza kusoma nyiradi bila kuambizana. Mvulana wetu alilala mapajani mwa mama yake mpaka Mkoani.

Kutoka Mkoani hadi Wete ni yapata kilomita 60, na njia nzima yapita katika mashamba ya mikarafuu. Karafuu zilikuwa zimeanikwa majamvini kando ya nyumba, na harufu yake ikaingia garini. Pako mahali paitwapo Kidike wanapolala popo wakubwa wa Pemba, wasiopatikana popote pengine duniani. Na magharibi ya Chake Chake kiko kisiwa cha Misali. Wenyeji husimulia kuwa Nabii Khidhri alipita huko, akaomba msala wa kusalia, na ulipokosekana akakifanya kisiwa chenyewe kuwa msala wake. Tangu mwaka 1998 kisiwa hicho na matumbawe yake vimehifadhiwa, na wavuvi walikumbushwa kwa mafundisho ya Qurani kuwa mwanadamu ni mwangalizi wa viumbe, si mharibifu wao. Hili ni somo jema kwa vijana: kuwa dini yaingia hata katika namna ya kutupa wavu.

Bibi yao alitungoja mlangoni. Alimpokea mvulana, akamtazama uso, akasema amechukua paji la babu yake. Usiku, baada ya Isha, tulimsimulia habari ya karani na orodha. Hakucheka kama tulivyodhani. Alikaa kitambo, kisha akasema, "Mmefanya vyema, wanangu. Mwaka ule sisi huku tulihesabu waliorudi. Waliopanda hatukupata kuijua idadi yao mpaka leo. Wako watoto ambao hata hitima yao ilisomwa kwa kukisia."

Hatukuwa na la kumjibu. Tulimpelekea mjukuu, naye akatupa maana ya kazi ile ya dakika moja.

Basi, enyi ndugu zetu wazazi, na ninyi vijana mtakaokuwa wazazi kesho, msiwanyime watoto wenu bahari wala jamaa zao waliopo ng'ambo yake. Chagueni msimu. Igaweni safari. Ulizeni jaketi. Kijazeni kile kifuko kidogo. Gawaneni watoto baina yenu. Na jina la aliye mdogo kuliko wote liandikwe kwanza, maana Mola wetu amwandika kila mtu kwa nafsi yake, mkubwa na mdogo, naye hakuna aliye mdogo Kwake hata asiandikwe. Mkiisha fanya hayo yote, inueni mikono, mtawakali; hapo tawakali itakuwa imekaa mahali pake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie wasafiri wote wa bahari salama ya kwenda na ya kurudi, na awahifadhi watoto wetu nchi kavu na majini. Amin.

Wabillahi tawfiq.